Jinsi ya kusoma mchoro wenye mafumbo: David, Prud'hon na wenzao

Anza kwa kutafuta mwavuli.

Fungua mtandaoni mchoro wa Mfaransa Jacques-Louis David unaoitwa Kiapo cha Uwanja wa Tenisi, aliouonyesha Paris mwaka 1791, kisha ukuze picha hadi ufike kwenye madirisha ya juu. Watu wamesongamana kuchungulia ndani, pazia limevimba kama tanga, na mwavuli umepinduliwa na upepo ukabaki mbavu nje. Mtazamaji mwenye haraka atasema David alichora hali ya hewa tu. Hakosei sana, maana siku ya tukio lenyewe, tarehe 20 Juni 1789, wajumbe wa bunge la Ufaransa walipoapa kutotawanyika hadi nchi ipate katiba, mvua ilinyesha huko Versailles, mji wa kasri la mfalme. Lakini kaza macho uangalie nje ya dirisha. Radi inalipiga kanisa la mfalme. Hapo mambo ya hali ya hewa yamekwisha, na fumbo limeanza.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuyasoma mafumbo ya namna hiyo katika michoro ya mtindo wa klasiki mpya, ule uliotawala Ulaya kuanzia katikati ya karne ya 18 hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Maneno ya kazi unayo tayari kama ulipita darasa la fasihi. Istiara ni kisa kizima chenye maana ya pili chini yake, taashira ni kitu kimoja kinachosimama badala ya wazo, na tashihisi ni wazo lililopewa mwili wa binadamu. Ulivyoyatumia kwenye ushairi ndivyo utakavyoyatumia hapa, ila hapa mshairi ameshika chaki.

Utahitaji picha mbili zenye ubora wa kutosha kukuzwa, na makumbusho makubwa yamezipandisha mtandaoni bure. Ya kwanza ni huo mchoro wa David, wino wa kahawia wenye ukubwa wa sentimita 66 kwa 101 hivi. Ya pili ni Haki na Kisasi cha Mungu Wakimfukuza Uhalifu ya Pierre-Paul Prud'hon: mchoro wa rangi kwenye turubai uliokamilika mwaka 1808, uliopo makumbusho ya Louvre, Paris, pamoja na rasimu zake za chaki zozote utakazozipata. Tayarisha pia karatasi nyepesi inayopenyeza mwanga, penseli, na nusu saa ambayo simu haitakusumbua.

Hatua ya 1: Ziache ishara kwanza, fuata mistari

Kosa la wengi, nami nililifanya kwa miaka, ni kuingia kwenye picha na kamusi ya ishara mkononi. Mizani, ndiyo haki. Nanga, ndiyo matumaini. Unamaliza orodha, unafunga ukurasa, na mchoro wenyewe hukuuona. Wachoraji wa mtindo huu walibeba sehemu kubwa ya maana kwenye mstari kabla hawajamchorea mtu chochote mkononi.

Weka karatasi yako juu ya skrini au juu ya nakala uliyochapa, kisha upitishe penseli kwenye mistari mikubwa peke yake: mikono, migongo, miguu iliyotanuliwa, nguzo, ukingo wa ukuta. Usichore nyuso. Kwenye mchoro wa David utaona mikono mingi iliyonyooshwa kutoka kila upande ikimwendea mtu mmoja aliyesimama juu ya meza. Huyo ni Jean-Sylvain Bailly, anayesoma kiapo. Utaona pia jambo ambalo ukitazama nyuso tu hulioni: karibu nusu yote ya juu ni tupu. Ni ukuta, mwanga na upepo. Watu wamebanwa chini, na juu yao kumeachwa nafasi ya kitu kisicho na umbo. Bila utupu ule, pazia lile lisingekuwa na pa kuvumia.

Jaribu zoezi hilohilo kwenye Kiapo cha ndugu wa Horatii, mashujaa wa Roma ya kale, kazi ya David ya 1784. Ndugu watatu wananyoosha mikono kuziendea panga alizozishika baba yao, na kila kiungo chao ni mstari ulionyooka, wenye pembe kali. Upande wa pili wanawake wameinamiana, mabega na nguo zao zikiteremka kwa mikunjo laini. Nyuma yao kuna matao matatu, kila kundi na tao lake. Hakuna mwenye bawa wala mizani, na bado karatasi yako imeshakwambia kuwa kuna pande mbili, wa wajibu na wa majonzi, na kwamba haziangaliani. Tukio hilo la kiapo, kwa taarifa yako, halimo katika masimulizi ya mwanahistoria wa Kirumi Livy. David alilibuni kwa sababu alihitaji mistari hiyo.

Kwa nini mstari ulipewa uzito kiasi hicho? Kufukuliwa kwa Herculaneum, mji wa Kirumi uliofunikwa na volkano, kulianza 1738, na kwa mwenzake Pompeii 1748, na vitabu vya picha za vilivyofukuliwa vikasambaa Ulaya. Mwaka 1755 Mjerumani Johann Joachim Winckelmann aliandika kwamba uzuri wa sanaa ya Wagiriki ni unyofu wenye hadhi na ukuu uliotulia. Vijana wa vyuo vya sanaa wakalichukua neno hilo kama wosia. Mwingereza John Flaxman alilifikisha mwisho wake: michoro yake ya visa vya mshairi wa Kigiriki Homer, iliyochapishwa Roma 1793, ni mistari ya ukingo mitupu, karibu haina kivuli, kama picha za kwenye vyungu vya Kigiriki. Ukitaka kujifunza kuona mstari ukifanya kazi peke yake, kaa na Flaxman jioni moja kabla hujarudi kwa David.

Hatua ya 2: Tenganisha watu na mawazo

Sasa uliza kuhusu kila umbo: huyu ni mtu, au ni wazo lililovaa mwili? Dalili ni chache na ni rahisi. Wazo huenda miguu mitupu penye wenye viatu, huvaa joho la kale penye wenye makoti, huwa na mabawa, au huelea. Na dalili ninayoiamini kuliko zote ni macho ya wenzake: watu waliomo pichani mara nyingi hawalioni.

Chukua Prud'hon. Usiku, mwezi, mawe. Kijana amelala chali, uchi, mikono imetanuka, amekwisha kufa. Mwanamume mwenye kisu anaondoka huku akigeuza uso kutazama nyuma. Juu yake wanaruka wanawake wawili wenye mabawa, mmoja ameshika mwenge na kunyoosha mkono tayari kumkamata, mwingine ana upanga na mizani. Muuaji hawaoni. Sisi tunawaona, na marehemu hawezi kuwaona. Picha nzima imesimama juu ya hilo.

Hapa Mswahili hukwama kwa jambo ambalo Mfaransa halioni kama tatizo. Kwa nini Haki ni mwanamke, Kisasi ni mwanamke, lakini Uhalifu ni mwanamume? Jibu liko kwenye sarufi. Kwa Kifaransa, kama kwa Kilatini na Kiitaliano, majina yana jinsia, na majina mengi ya mawazo ni ya kike. Haki ni ya kike, kisasi ni cha kike, uhuru pia. Uhalifu ni wa kiume. Wakati ni wa kiume, ndiyo maana Wakati huchorwa mzee mwenye mabawa na mundu. Mchoraji hakuwa akisema lolote kuhusu wanawake wa mtaani kwake. Hao wasingeruhusiwa hata kukalia kiti cha hakimu. Alikuwa akifuata ngeli.

Ngeli zetu hazina habari hiyo. Haki iko kwenye I-ZI pamoja na nyumba na kalamu. Lakini sisi tuna njia yetu ya kuyapa mawazo mwili: tunawabatiza watoto. Ukisikia Subira anabisha hodi, unatarajia binti. Baraka ni mvulana. Bahati anaweza kuwa yeyote. Kwa hiyo usione ajabu kumkuta Haki angani na upanga. Ajabu ingekuwa kumkuta hana kazi.

Hatua ya 3: Soma vitu kwa mafungu, kamwe si kimoja kimoja

Hii ndiyo hatua ndefu.

Kamusi ipo, na wachoraji waliitumia. Cesare Ripa alichapisha Iconologia mjini Roma mwaka 1593, bila picha. Toleo la 1603 likaja na picha, na kwa karne mbili likawa chombo cha karakana. Mawazo yamepangwa kwa alfabeti, kila moja na mavazi yake na vitu vyake. Winckelmann hakumpenda Ripa hata kidogo, na mwaka 1766 akatoa kitabu chake mwenyewe kuhusu istiara, akitaka ishara zichotwe kwenye kazi halisi za kale, ziwe chache na zieleweke. Mgongano huo utauona kwenye michoro: ya awali imejaa vitu kama duka la vyombo, ya baadaye inakupa kitu kimoja au viwili na kukuachia.

Hatari ya kusoma kitu kimoja ni kwamba hakuna kitu chenye maana moja. Mfano wangu wa siku zote ni nyoka. Nyoka pamoja na kioo mkononi mwa mwanamke ni Busara. Nyoka mmoja kwenye fimbo ni Asklepio, mungu wa uganga. Nyoka anayekunywa bakulini ni binti yake Hygieia, yaani Afya, na hao umewaona mara nyingi kwenye mabango ya maduka ya dawa. Nyoka wawili kwenye fimbo yenye mabawa ni mungu Merkuri, na ukimkuta bandarini au kwenye jengo la wafanyabiashara ujue ni Biashara. Nyoka aliyeuma mkia wake mwenyewe ni Umilele, ndiyo maana anapenda kukaa makaburini. Nyoka kichwani badala ya nywele, juu ya mwanamke mzee aliyekonda, ni Wivu. Nyoka aliyekanyagwa ni uovu ulioshindwa. Mnyama ni yuleyule. Kinachombadilisha ni jirani yake na mahali alipo.

Mwenge nao uangalie umeelekea wapi. Ukiwa juu ni mwanga, ndoa, ukweli, au kama kwa Prud'hon, taa ya kumtafutia aliyejificha. Ukigeuzwa kichwa chini ni mauti. Msomaji wa Tanzania anayejua Mwenge wa Uhuru hushtuka kidogo anapoona kijana mzuri mwenye mabawa, amesinzia, akiuegemea mwenge uliozimwa ardhini. Mwaka 1769 mwandishi Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing aliandika kuonyesha kwamba watu wa kale hawakukichora kifo kama mifupa inayotembea, bali kama kijana, ndugu pacha wa Usingizi. Wachoraji na wachonga sanamu wakaipokea hoja hiyo kwa mikono miwili. Mchonga sanamu Mwitaliano Antonio Canova aliwaweka vijana wawili wa aina hiyo kwenye mnara wa kumbukumbu wa ukoo wa kifalme wa Stuart ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Ukishawajua hao, utawakuta kwenye michoro ya makaburi kila kona. Na ukimwona kipepeo karibu nao, hiyo ni roho. Wagiriki walitumia neno moja, psyche, kwa roho na kwa kipepeo.

Sasa mitego miwili ya kwetu. Wa kwanza ni bundi. Bibi yangu angemfukuza bundi paani kwa mawe, na mimi nilipokutana naye mara ya kwanza kwenye mchoro, amekaa karibu na mwanamke mwenye kofia ya chuma, niliandika daftarini kwamba kuna msiba unakuja. Hakukuwa na msiba. Mwanamke alikuwa Minerva, mungu wa kike wa Kirumi, na bundi ni ndege wake, ndege wa hekima. Wa pili ni kinyonga. Sisi tunamsema kigeugeu. Mchoraji Angelica Kauffman, mmoja wa wanawake wawili tu walioasisi chuo cha sanaa cha Royal Academy, London, mwaka 1768, alichora kati ya 1778 na 1780 picha nne za duara dufu kwa ajili ya dari ya chuo hicho: Uchoraji wa mstari, Ubunifu, Mpangilio na Rangi. Kwenye ile ya Rangi, mwanamke ananyoosha brashi hadi kwenye upinde wa mvua, na miguuni pake kuna kinyonga. Hakuna lawama pale. Kinyonga ni Rangi yenyewe.

Kaa kidogo kwenye hizo nne, maana zinafundisha kusoma mafungu kuliko orodha yoyote. Mpangilio ana bikari mkononi na ubao wa sataranji kando yake: kupanga picha ni kufikiria hatua kabla ya kusogeza. Ubunifu ana mabawa kichwani na anatazama juu. Uchoraji wa mstari anakaa mbele ya kipande cha sanamu ya kale kisicho na kichwa wala mikono, kile maarufu kiitwacho Kiwiliwili cha Belvedere, na anakinakili. Ukiondoa kile kipande cha sanamu, hubaki na lolote ila binti anayechora.

Kuna fungu lingine usiloweza kulikwepa ukifika miaka ya Mapinduzi ya Ufaransa. Kofia laini yenye ncha iliyolala mbele ni Uhuru, kwa kumbukumbu ya kofia aliyovishwa mtumwa wa Kirumi siku ya kuachiwa huru. Wauaji wa Julius Kaisari waliiweka kofia hiyo kwenye sarafu yao, kati ya majambia mawili. Timazi la fundi mwashi, lile lenye pembetatu na uzi, ni Usawa. Fimbo zilizofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, wakati mwingine na shoka katikati, ni fimbo za mahakimu wa Roma, na hapa zinasoma Umoja. Hiyo haihitaji maelezo kwa mtu aliyesimuliwa kisa cha mzee, wanawe na fungu la vijiti.

Hatua ya 4: Tafuta kisichowezekana

Pale mchoro unapojifanya taarifa ya tukio la kweli, ishara huacha kuvaa mabawa na kujificha ndani ya mambo ya kawaida. Njia ya kuzitoa ni kuuliza: je, hiki kingeweza kuwapo?

Rudi kwa David. Mbele kabisa, katikati, wanaume watatu wanakumbatiana. Mmoja ni mtawa katika joho jeupe, Dom Gerle. Wa pili ni padri Grégoire. Wa tatu ni Rabaut Saint-Étienne, mchungaji wa Kiprotestanti. Kwa nchi ambayo Wakatoliki na Waprotestanti walichinjana kwa vizazi, kumbatio hilo ni hotuba nzima. Ila Dom Gerle hakuwapo ukumbini siku ile. David alijua, akamleta hata hivyo, kwa sababu kumbatio la wawili lingekuwa urafiki, na la watatu ni taifa. Hapo ndipo utakapojua kwamba mchoro huu, wenye sura za watu halisi zilizochorwa kwa bidii, ni istiara.

Endelea. Bailly amesimama kututazama sisi, huku wajumbe wengi wakiwa nyuma na kando yake. Mtu anayewaapisha wenzake hasimami hivyo. Basi duara la waapaji limeachwa wazi upande mmoja, na anayetazama ndiye analifunga. Kisha nenda ukingo wa kulia, chini. Mtu amekaa, mikono kaifumbata kifuani wakati wote wengine wameinyoosha. Ni Martin-Dauch, mjumbe pekee aliyekataa. Yeye kweli alikuwapo na kweli alikataa. David angeweza kumwacha nje, lakini mikono yote ile isingekuwa na maana bila jozi moja iliyofungwa.

Na radi? Mvua ilikuwa ya kweli, ikaipa radi hati ya kuingilia. Ujanja wa mtindo huu mara nyingi ndio huo, kuanza na kitu kinachokubalika kisha kukisukuma hatua moja.

Hatua ya 5: Linganisha rasimu

Hapa mchoro wa chaki au wino unaushinda mchoro wa rangi kwa mbali, kwa sababu ndani ya rasimu unamwona mtu akibadilisha mawazo. Prud'hon hakuanza na usiku ule. Wazo lake la kwanza, lililobaki kwenye rasimu, lilikuwa baraza: Haki ameketi kwenye kiti cha enzi, na Nemesis, mungu wa kisasi, anawakokota wahalifu hadi mbele yake. Liweke kando ya lile la pili. Katika la kwanza hukumu inatolewa, kila mtu yuko mahali pake, na wewe ni shahidi wa kesi. Katika la pili hakuna mahakama. Kuna mtu anayekimbia akidhani amepona. Mada ni ileile, haki na uhalifu, lakini maana imehama kutoka adhabu kwenda hofu. Mimi nadhani alifanya vyema kulitupa baraza. Lilikuwa sahihi na la kuchosha.

Angalia pia vifaa. Prud'hon alipenda chaki nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya samawati. Karatasi yenyewe inakuwa giza la kati, chaki nyeusi inachimba kivuli, nyeupe inawasha mwili. Kwa mada ya usiku, nusu ya kazi imefanywa kabla hajaanza.

Rasimu za David nazo zitakushangaza: aliwachora watu wake uchi kwanza, kisha akawavika. Mpaka leo kuna turubai kubwa ya kiapo kile, haijakamilika, ambapo vichwa vichache vimepakwa rangi vikiwa juu ya miili mitupu ya chaki. Kwake vazi lilikuwa la tarehe fulani. Mwili ndio uliobeba tendo.

Hatua ya 6: Uliza nani alilipa, na ilining'inizwa wapi

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Kazi ya Prud'hon iliagizwa na Nicolas Frochot, mkuu wa mkoa wa Seine, kwa ajili ya ukumbi wa kesi za jinai katika Jumba la Mahakama la Paris. Ukilijua hilo, unasoma picha upya kwa macho ya mshtakiwa. Ufalme uliporudi Ufaransa baada ya Napoleon, picha iliondolewa na msalaba ukashika nafasi yake, ikaishia makumbusho. Huko Louvre ni hadithi ya kutisha yenye mwezi mzuri. Mahakamani ilikuwa onyo.

Mahali hubadilisha maana, na miaka pia. Kiapo cha David kilikusudiwa kuwa turubai ya upana wa takriban mita 10. Haikukamilika, na fedha hazikuwa sababu pekee. Watu aliowachora kama nguzo za umoja walianza kugeuka wasaliti mmoja baada ya mwingine. Bailly mwenyewe, kitovu cha mistari yote uliyoifuata kwenye hatua ya kwanza, alikatwa kichwa Novemba 1793. Huwezi kumaliza ishara ambayo katikati yake pamekatwa. Na lile fungu la fimbo, ishara ya Umoja, zaidi ya karne moja baadaye lilichukuliwa na mafashisti wa Italia, hata chama kikapata jina lake humo. Marekani bado lipo, mawili ya shaba yamesimama ukutani nyuma ya kiti cha Spika wa Baraza la Wawakilishi, yakiwa na maana ya zamani. Kwa hiyo andika mwaka wa mchoro kwenye daftari lako kabla hujaandika tafsiri.

Hatua ya 7: Chora moja ya kwako

Kusoma bila kuchora huishia nusu njia. Chagua wazo moja. Napendekeza Subira, kwa sababu Ripa naye alimchora, na utaweza kulinganisha baadaye. Usimtazame wake kwanza.

Amua ni mwanamke, mwanamume au mtoto, ngeli haikulazimishi. Mchore bila kitu mkononi, mistari mitupu, mpaka mkao peke yake umeanza kusema. Kama unahitaji mizigo ya vitu ili aeleweke, mkao haujakaa, futa urudie. Kisha mpe kitu kimoja, na kiwe cha mahali unapoishi: chungu juu ya mafiga, jamvi lililosukwa nusu, ndoo kwenye foleni ya bomba. Ongeza cha pili iwapo tu kinakibadilisha cha kwanza. Jamvi peke yake ni kazi; jamvi na taa inayokaribia kuishiwa mafuta ni jambo jingine.

Mwonyeshe mtu usiyemwambia chochote. Muulize anaona nani, usimuulize anaona nini. Akisema "Huyu anangoja", umefika. Akisema "Huyu amechoka", rudi kwenye mgongo na shingo, kwa kawaida kosa liko pale.

Ndipo ufungue Ripa. Utamkuta mwanamke wa makamo ameketi juu ya jiwe, nira mabegani, nyayo tupu juu ya miiba.